Mama Mitambo na Mapacha Wake

Mchana wa Februari, jua la Temeke likichoma hadi ndani ya viatu, utamwona mama wa makamo anavuka barabara na sweta la sufu mkononi. Wauza madafu walimzoea, lakini hawakuacha kumtania.

"Mama, leo theluji inaanza saa ngapi?"

"Ikianza nitakuita uje uifagie."

Kisha anaingia geti la hospitali, anapita mapokezi bila kutazama foleni, anakwenda mpaka mwisho wa korido kwenye mlango wa chuma usio na maandishi. Hapo anavua viatu, anavaa sweta, anafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, ndipo anafungua. Humo ndani viyoyozi viwili vilipuliza mchana kutwa, na ukikaa robo saa bila sweta unaanza kukunja vidole.

Hospitali nzima ilimwita Mama Mitambo, kuanzia daktari mkuu hadi dada wa chai. Jina lake la kweli nililiona mara moja tu, kwenye karatasi, siku ambayo bora isingekuwapo. Alizaliwa wapi, watu wake ni nani, sikuuliza, naye hakusema. Ninachoweza kueleza ni jinsi alivyofanya kazi, alivyosema, na alivyocheka, maana alikuwa anacheka sana kwa mtu mkali namna ile. Na kuna jambo nililomtendea. Hilo ndilo limenikalisha chini niandike, mimi ambaye sikumaliza hata kidato cha pili.

Nilikwenda pale kuangalia jenereta. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu na nilishapita kazi nyingi: kupanga vigae kule Goba, kukaanga samaki Kunduchi, kuchomelea mageti Tabata. Sikai mahali. Nikishaelewa kitu kinavyokwenda, miguu inaanza kuniwasha. Jenereta lile nililielewa kwa wiki mbili, na nilikuwa nimeshaanza kuaga kimoyomoyo. Lakini kila umeme ulipokatika na jenereta likawaka, nilimkuta Mama Mitambo amesimama mlangoni pangu, mikono kiunoni.

"Sekunde ngapi?"

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Sekunde ngapi?"

Sikujua. Mara iliyofuata nikahesabu. Zilikuwa kumi na nne. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Mara iliyofuata tena zilikuwa kumi na tisa, akarudi na kiti, akakaa, tukatafuta pamoja hizo tano zimetoka wapi. Hivyo ndivyo alivyoninasa. Watu wengi wamewahi kunipa kazi, lakini huyu ndiye wa kwanza kunipa swali.

Siku nilipomuuliza kuna nini nyuma ya mlango wa chuma, alinipa soksi nzito, akaniingiza. Nilitegemea kuona kitu kikubwa. Nikaona rafu ya chuma na mashine mbili nyeusi, bapa, moja juu ya nyingine.

"Huyu wa juu Kulwa, huyu wa chini Doto."

"Basi?"

"Basi. Mafaili ya kila mgonjwa anayekanyaga hapa yako kwa hawa wawili. Majibu ya maabara, dawa, vitanda, yote."

Nikamuuliza kwa nini wawili wakati kazi ni moja. Alifurahi kuulizwa. Akanielezea kwa mfano ambao sijausahau, na tangu hapo nimeshawaelezea watu wengi, wengine wao wamesomea mambo haya.

"Umeliona dirisha la dawa? Chukulia pale wanakaa manesi wawili. Mmoja anatoa dawa na kuandika kitabuni. Wa pili hafanyi kitu, kazi yake ni kumsikiliza mwenzake anavyopumua. Wa kwanza akizimia, wa pili anavuta kitabu, anaendelea. Aliyeko kwenye foleni hajui hata kama kuna mtu kaanguka."

"Mbona rahisi."

"Rahisi? Na kama hajazimia? Kama kainama kuokota kalamu tu, huyu wa pili akadhani kazimia, akavuta kitabu? Wa kwanza anainuka, naye anaandika. Watu wawili, kitabu kimoja. Mgonjwa huyu anapewa dawa mara mbili, yule hapewi kabisa. Na hakuna anayejua kwamba kitabu kimeharibika."

"Sasa inakuwaje?"

"Kabla hajagusa kitabu, lazima amtoe mwenzake dirishani. Asibaki na shaka. Amtoe kabisa."

"Anamuua?"

"Anamkatia umeme. Wewe nawe! Akiamka salama, atarudi kukaa upande wa kusikiliza."

Akanizungusha nyuma ya rafu kunionyesha. Kulikuwa na ekstensheni mbili nene za chuma, moja kila upande, ambazo soketi zake zinapokea amri. Kulwa akihisi Doto amekwama, anaiambia ekstensheni izime soketi za Doto. Doto naye hivyo hivyo kwa Kulwa. Programu inayofanya yote hayo, kusikiliza pumzi, kuamua, kukata, watu wa kazi yake wanaiita klasta. Yeye aliiita mlezi.

Mama Mitambo hakuwa na wasiwasi na umeme, wala joto, wala panya waliowahi kula waya wa simu wa mapokezi. Alikuwa na wasiwasi na siku moja tu, siku ya kumpandisha mlezi toleo jipya. Mapacha waliendeshwa na mfumo uitwao Linux, na Linux yenyewe aliipandisha huku anatafuna ubuyu. Lakini toleo jipya la mlezi lilipotoka, alikaa nalo miezi. Alilijaribu kwanza kwenye mashine mbili chakavu alizoziweka chini ya meza, akazizima, akazing'oa waya, akaziudhi kwa kila namna.

"Programu nyingine ukiikosea, inakataa, unarudi nyuma," alisema. "Mlezi ukimkosea, anamkata mtoto mzima."

Alikuwa na utaratibu na hakuuvunja. Alikuwa na daftari la miraba, kama la watoto wa shule, ambalo aliandika kila amri atakayoipiga, kwa mkono, moja kila mstari. Siku ya kwanza anamwambia Doto apumzike, anampandisha, anamrudisha. Kisha siku mbili hagusi kitu, anawaacha wazoeane. Siku ya nne anahamishia kazi kwa Doto, anampandisha Kulwa. Na kabla ya yote anajaribu kukata: anaamuru soketi za Kulwa zizimwe, anatazama kwa macho yake kama Kulwa kweli amezimika, kisha Doto. Akiona hivyo anaweka alama ya vema daftarini kwa kalamu nyekundu.

Na mimi nilikuwa na kazi yangu. Nilikaa pembeni yake na daftari, nasoma mstari kwa sauti, naye anaupiga, kisha nausoma tena kutoka kwenye skrini kabla hajabonyeza.

"Mama, sielewi hata ninachosoma."

"Usielewe. Soma. Anayeelewa anaruka, anadhani ameona. Wewe utaona kilichopo."

Nikasoma herufi moja moja, nukta, kistari, nafasi. Lakini mtu hawezi kusoma kitu mara mia bila kuanza kukielewa, sembuse mimi. Nikawa naiba maneno. Nikirudi chumbani kwangu nayatafuta kwenye simu. Mwaka wa pili nilimkamata amekosea mstari mmoja, akaniangalia juu ya miwani.

"Umeshaanza kuelewa."

"Kidogo, mama."

"Haya. Basi sasa uwe mwangalifu mara mbili."

Nisimchore kama malaika. Alikuwa mgomvi. Aliwahi kumtoa daktari bingwa mle ndani kwa kumshika kiwiko, kwa sababu aliingia na kikombe cha kahawa, na siku ile ile nikaona pakiti ya ubuyu imefichwa nyuma ya Doto. Nilipomtazama akasema ubuyu haumwagiki. Manesi walimletea simu zao mbovu, naye akawafukuza: "Mie wa mapacha tu, nendeni kwa mafundi wa simu." Wakishaondoka anafungua droo, anatoa bisibisi ndogo, na jioni simu inarudi imepona, bila neno.

Alitunza nakala ya kila kitu cha watu wengine. Mafaili ya hospitali yalikuwa na nakala sehemu tatu. Lakini simu yake mwenyewe ilianguka kwenye ndoo ya maji mara mbili, na mara zote mbili alipoteza namba za ndugu zake wote, akawa anazunguka korido akiuliza, "Nani ana namba ya dada yangu wa Tabata?" Dada wa chai alikuwa nayo. Dada wa chai ndiye alikuwa nakala yake.

Siku moja daktari mkuu alimtania mbele ya watu. "Mama Mitambo, kila kitu kwako lazima kiwe na cha pili. Wewe wa pili wako nani?"

Akaninyooshea kidole, nami nimesimama na mikono ya grisi. "Huyu."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Yeye hakucheka. Siku iliyofuata alinipa ufunguo wa mlango wa chuma, akaniambia neno moja juu yake: "Usiguse. Wewe ukiingia, umeingia kuangalia." Hakuwaamini mapacha hata kidogo, aliwachunguza kama wezi. Watu aliwaamini upesi mno. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na silisemi kumlaumu.

Ijumaa saa sita aliondoka, hata kama angekuja nani, kwenda Tabata kumwogesha dada yake aliyekuwa amelala kitandani. Hakurudi kazini Ijumaa. Hilo nalo lilijulikana na kila mtu.

Basi likatoka toleo kubwa la mlezi, na la zamani likawa linaelekea kuachwa bila kuangaliwa tena. Ikabidi kupandisha. Uongozi ukasikia. Sijui nani alianza wazo hili, lakini likaja kwamba kazi hiyo ni maendeleo, na maendeleo lazima yazinduliwe. Aitwe mgeni rasmi. Akate utepe kwenye mlango wa chuma, Mama Mitambo abonyeze amri ya mwisho, kamera zipige. Iwe Jumamosi, na yote yaishe Jumamosi hiyo hiyo, Doto na Kulwa pamoja.

Alikataa. Nilikuwapo. Afisa utawala, kijana msafi mwenye tai, alimsikiliza kwa heshima zote.

"Mama, mgeni hawezi kuja leo kukata utepe halafu aambiwe arudi siku ya nne kuona."

"Asikate. Kwani mapacha wanatahiriwa?"

Afisa akacheka, lakini akamkumbusha kwamba mkataba wake unajadiliwa mwezi ule, na kwamba mgeni yule ana sauti. Mama alikuwa amebakiza mkataba mmoja apumzike. Aliutaka. Si kwa ajili ya kingine, aliniambia, ila alitaka kuwakabidhi mapacha kwa mkono wake, wakiwa wazima, kwa mtu aliyefundishwa na yeye mwenyewe. Hakusema mtu huyo ni nani. Mimi nilijua.

Akakubali. Alhamisi tulijaribu kukata, Kulwa akazimika, Doto akazimika, alama mbili za vema nyekundu.

Ijumaa saa saba, yeye akiwa Tabata, afisa utawala alikuja na vijana wa rangi. Wakapaka kuta za chumba. Akazunguka nyuma ya rafu, akashika kichwa.

"Fundi, hizi nyaya mbona kama matumbo ya mbuzi? Kesho kuna kamera hapa. Zinyooshe."

"Mama alikataza kugusa."

"Mama kakataza watu wasiojua. Wewe si ndiye wa pili wake?"

Niseme ukweli, neno lile lilinilevya. Na kweli nyaya zilikuwa mbaya kuangalia. Za mashine ya juu zilishuka kwenye soketi za chini, za mashine ya chini zikapanda kwenye soketi za juu, zimepishana katikati. Baadaye nilikuja kujua sababu: miaka ya nyuma mashine zilibadilishwa nafasi kwenye rafu, yeye akaona ni salama zaidi kuacha nyaya zipishane kuliko kubadilisha amri. Siku ile niliona ni uzembe wa zamani tu. Kila mashine ilikuwa na mikia miwili ya umeme, mmoja kwenye kila ekstensheni, hivyo unaweza kuchomoa mmoja ikaendelea na mwingine. Nikachomoa mmoja mmoja, taratibu, taa hazikuyumba. Nikanyoosha. Za juu juu, za chini chini. Nikazifunga kwa vifungo vya plastiki, na ncha nikazikata kwa meno maana mkasi walikuwa nao vijana wa rangi. Ikapendeza. Afisa akanipiga begani, wakatundika nyuma ya rafu kitambaa cha rangi za bendera kwa ajili ya picha.

Nilipanga kumwambia asubuhi. Asubuhi alifika amevaa baibui jipya chini ya sweta, amezungukwa na watu. Aliangalia kuta.

"Nani kapamba humu?"

"Ni kwa ajili ya wageni, mama," afisa akasema.

Akataka kurudia jaribio la kukata. Afisa akamwambia mgeni yuko getini, na si lilifanyika Alhamisi? Akafungua daftari, akaona vema zake mbili. Akafunga daftari.

Doto alipandishwa vizuri. Nilisoma mistari, watu wakiwa kimya kama msikitini. Kazi ikahamia kwa Doto, Kulwa akapandishwa. Mgeni rasmi akakata utepe. Mama Mitambo akabonyeza amri ya kumrudisha Kulwa, na makofi yakapigwa.

Kulwa alichelewa kuamka. Matoleo mapya huchelewa mara ya kwanza, yeye mwenyewe alishaniambia. Kwenye skrini Doto aliandika kwamba hasikii pumzi za mwenzake, kwamba anamkata. Mama akasoma kwa sauti, "Doto anamkata Kulwa." Na papo hapo Doto akazimika.

Kwenye korido tukasikia mapokezi: "Mtandao uko chini, jamani, subirini kidogo." Ilikuwa Jumamosi ya kliniki, mabenchi yamejaa.

Akamwasha Doto. Doto akaamka, akamtafuta Kulwa, hakumsikia. "Doto anamkata Kulwa," akasoma tena. Doto akazimika.

Hapo nilijua. Sikukisia, nilijua, kama mtu anavyojua amekanyaga msumari. Doto alikuwa anaamuru soketi za Kulwa zizimwe, na kwenye soketi hizo nilikuwa nimemchomeka yeye mwenyewe. Alikuwa anajikata. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwa Mama Mitambo, nimeshika daftari lake. Ilitosha kusema, mama, jana nilinyoosha nyaya. Maneno manne.

Nilimtazama mgeni rasmi. Nilitazama kamera. Nilimtazama afisa utawala, naye alikuwa ananitazama, hajui kitu, ila tayari anatafuta mtu. Sikusema.

"Umeme wa Doto umekufa?" Mama aliniuliza.

"Sijui, mama."

"Washa tena," mgeni akasema kwa upole. "Jaribuni tena." Afisa akarudia kwa ukali. Mama akawasha. Mara ya tatu. Ya nne. Miwani yake ilikuwa imepanda ukungu. Kila mara Doto alipoanguka alikuwa ndiye ameshika kitabu, mafaili yote yako wazi mikononi mwake. Mara ya tano alisikia pumzi za Kulwa, hakuanguka. Aliamka, akafungua kitabu, kitabu hakikufunguka.

Mgeni rasmi aliondoka kwa gari. Mama Mitambo alirudisha nakala ya Ijumaa jioni. Kila kilichoandikwa asubuhi ile kilikuwa kimepotea. Ilipofika saa nane alivuta kile kitambaa cha bendera ili apate hewa nyuma ya rafu, akasimama hapo. Mimi nilikuwa nimekwenda kwenye jenereta, ambalo halikuwa na shida yoyote.

Mchana ule alichukua daftari lake akapita benchi kwa benchi, na sweta lake bado mwilini kwenye joto lile, akiuliza kila mtu jina, alikuja kwa nini, alichukuliwa kipimo gani. Kulikuwa na mzee wa Mtwara, mchonga vinyago, ambaye mkewe alikuwa ametolewa damu tangu alfajiri na hakuwa na nguvu ya kutolewa tena. Mama Mitambo alichuchumaa mbele yake.

"Baba, majibu ya mama yalikuja, nikayapoteza mimi."

"Uliyaweka wapi, mama?"

"Niliyaweka vizuri. Kisha nikayapoteza."

Mzee akamwambia, "Basi usilie, mama. Atatolewa." Sikumwona analia, lakini nilikuwa nimerudi na kusimama nyuma yake, mbali kidogo.

Kwenye kikao, uongozi uliuliza nani aligusa nyaya. Walimwuliza Mama Mitambo mara tatu, nilisikia kwa dada wa chai aliyepeleka vikombe. Alijibu hivi: "Chumba ni changu na ufunguo nautoa mimi." Karatasi ya kumaliza mkataba ilibandikwa ubaoni, na ndipo niliposoma jina lake kamili. Lilikuwa jina zuri, refu, la watu wawili watatu. Mwezi uliofuata mafaili yalihamishiwa kwenye mashine za kampuni fulani huko mbali, chumba kikawa stoo ya magodoro. Mama alipita kunirudishia bisibisi niliyomwazima. "Usiache kusoma," akasema. Mimi nikasema, "Sawa, mama." Hata siku ile sikumwambia.

Niliondoka pale. Nikarudi Kunduchi, nikachomelea mageti, nikauza vipuri. Lakini nilisoma. Nilinunua mashine mbili chakavu, nikazipandishia mlezi, nikapishanisha nyaya makusudi nione. Nilihesabu kila anguko linavyokiharibu kitabu. Kuanguka mara moja, kitabu kinajitibu. Mara mbili, kinajitibu kwa shida. Nilirudia sana. Nilitaka kuona kwamba kingeharibika vyovyote vile. Hakikuharibika mapema hivyo hata mara moja.

Miaka ilipita ndipo dada wa chai aliponiambia Mama Mitambo yuko Goba. Dada yake alifariki, akahamia kwa mtoto wa marehemu. Alipatwa na kiharusi, mguu mmoja haukumtii.

Nilikwenda asubuhi, mvua za masika zimeanza, njia ya mlimani imekuwa tope. Nilimkuta kibarazani anachambua mchele kwenye ungo, mkono mmoja ukifanya kazi ya miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama juu ya miwani. "Umenenepa. Bado unasoma?"

"Nasoma."

"Toleo gani sasa?"

Nikamtajia. Akauliza kama kukata bado kunahesabiwa vilevile, nikamweleza yaliyobadilika, akasikiliza ameacha mchele, macho yamewaka. Tulizungumza hivyo labda saa nzima. Ilikuwa saa nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuishi, na ningeweza kuaga hapo.

"Mama," nikasema, "zile nyaya."

"Najua."

"Unajua?"

"Vifungo vimekatwa kwa meno. Nani mwingine pale alikuwa anakata kitu kwa meno?" Alitaka kucheka, upande mmoja wa mdomo haukufuata. "Nilijua saa nane ile ile."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Nikutaje wapate watu wawili? Mmoja aliwatosha." Akarudi kwenye mchele, akatoa kijiwe, akakitupa uani. "Ila nina swali. Nimekaa nalo muda. Tulianguka mara nne. Wewe ulijua mara ya ngapi?"

Alikuwa hanitazami. Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza sekunde za jenereta. Ningeweza kumwambia sikujua mpaka mwisho, asingekuwa na namna ya kuhakikisha. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kusoma kilichopo.

"Ya pili."

Mkono ukasimama juu ya ungo. Kuku wakaja, wakaanza kudonoa mchele pembeni, hakuwafukuza.

"Ya pili," akasema. "Mie miaka yote nilikuwa nakuwekea ya nne. Nasema, ya nne, mtu kachanganyikiwa, kila mtu anapiga kelele, na kitabu kimeshakufa hata hivyo. Ya nne nilishakusamehe zamani."

"Mama."

"Ya pili kitabu kilikuwa kizima."

"Najua, mama. Nimejaribu."

"Umejaribu?" Akaniangalia sasa, na kwa muda mfupi aliniangalia kama zamani, kama mtu aliyeleta jibu sahihi. Kisha mtazamo ule ukaondoka. "Basi nipe muda. Hii ni nyingine. Nilikuwa sijaifanyia kazi hii."

Nikamwambia nitarudi mvua zikikatika, njia ikipitika. Akasema, "Haya."

Hazikuwa zimekatika watu wa Goba waliponipigia simu ya msiba.